Owino Uhuru: Elimu ya Afya Pekee Haisafishi Udongo

Mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, Mombasa, uliishi kwa miaka kadhaa ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe. Rufaa zikafuata.

Sumu ya risasi haisubiri rufaa. Mwili wa mtoto huifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, hasa akipungukiwa madini ya chuma. Hujificha mifupani, na mama apatapo mimba hurudi katika damu, ikamfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mafunzo, basi, ni ya lazima: kunawa mikono kabla ya kula, kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, kuwapa watoto dagaa na maharagwe. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kuyafikisha nyumba kwa nyumba. Lakini (na hapa semina nyingi hunyamaza) mama anayepangusa sakafu ilhali uani kumejaa sumu ataipangusa tena kesho. Kumfundisha bila kumpima mtoto damu ni kumtwisha mzigo wa aliyechafua. Kwa hiyo kamati za Haki na Amani za parokia, zinapoalika wahudumu wa afya, ziwaalike pia maofisa wa mazingira, wataje tarehe ya kuuondoa udongo huo na mahali pa kupimia damu bila malipo.