Msilaumu Kisu

Kwenye paja langu la kushoto kuna mstatili wa ngozi iliyopauka, una mistari kama shamba lililolimwa na mlevi. Nilipokuwa na miaka saba, sufuria ya maji ya ugali ilinimwagikia kifuani, na ngozi ya kuziba kidonda ikatolewa hapo pajani. Mpaka leo mama huuliza kwa nini paja, ambalo halikuungua, lina sura mbaya kuliko kifua.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa vifaa tiba, na nimechoka na jibu la darasani: ulikatwa kwa kisu cha mkono, zana ya kizamani, tuletewe mashine. Hilo ni jibu la kivivu.

Chukua kisu cha Humby, kilichobuniwa Uingereza miaka ya 1930. Ni mpini, wembe mrefu, na rola mbele ya makali. Ukizungusha skrubu, rola inasogea, na mwanya kati yake na wembe ndio unaoamua unene wa ngozi, sehemu chache tu za kumi za milimita. Msaidizi anaikaza ngozi ya paja kwa kibao, inapakwa mafuta, kisha daktari anapeleka kisu mbele na nyuma kama msumeno, bila kukandamiza. Zikitokea nukta ndogondogo za damu zilizosongamana, amekata juujuu. Paja litapona lenyewe kwa wiki mbili hivi, maana mashina ya vinyweleo na tezi za jasho zilizobaki chini ndizo zinazootesha ngozi mpya. Yakionekana mafuta ya manjano, ameharibu.

Hakuna umeme, hakuna betri. Kinachotakiwa ni mkono uliofundishwa na wembe mpya, na hivyo ndivyo tunavyovibania. Wembe huo hutengenezwa utumike mara moja utupwe. Kwenye hospitali moja nilikofanya mazoezi, niliona ukioshwa na kurudishwa kwenye trei kwa sababu boksi lilikwisha na oda haijajibiwa. Tuache hatari ya maambukizi, ambayo peke yake ingetosha kuufunga mjadala. Wembe butu haukati, unararua. Unarukaruka, na mkataji akiona hausogei anaongeza nguvu, anazama. Siwezi kuthibitisha wangu ulikuwa umeshapita mapaja mangapi. Ila mistari ninayo.

Na stoo ya hospitali hiyohiyo ilikuwemo mashine ya umeme ya msaada, safi kabisa, imelala tangu nyembe zake maalumu ziishe.

Sikatai kwamba mashine hukata sawasawa zaidi, na mtu aliyeungua nusu ya mwili anahitaji ngozi nyingi ya unene mmoja. Anayeweza kuinunua pamoja na nyembe zake za miaka mitano, ainunue. Lakini mashine ina hafla ya makabidhiano na mgeni rasmi. Boksi la nyembe halina utepe wa kukata, hata kama ndilo lenye makali.

Wiki iliyopita niliwasilisha pendekezo la tasnifu: kuhesabu kila wembe unaoingia chumba cha upasuaji, na ni wagonjwa wangapi unawapitia kabla ya kutupwa. Msimamizi wangu aliuliza kama siwezi kupata mada kubwa zaidi.