Mtaji wa Muuza Samaki

Bogoro ni mahali padogo katika jimbo la Ituri, kilometa 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara iendayo Kasenyi, pwani ya Ziwa Albert. Kwa njia hiyo samaki hupandishwa mpaka masoko ya Bunia, na akina mama ndio wauzao.

Tangu mwaka 2015 Bunia ni makao makuu ya jimbo. Watu wameongezeka, wengi wao wakimbizi wa vita vya vijijini. Wanunuzi wamezidi, wauzaji nao wamezidi. Na barabara ikifungwa, samaki wabichi huharibika pamoja na fedha iliyowanunua.

Watu wa Bogoro wayajua haya kwa uchungu. Tarehe 24 Februari 2003 walishambuliwa, wengi wakauawa, mali ikaporwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru watu 297 wapewe fidia: kila mmoja dola 250 kama ishara, na misaada ya pamoja ya nyumba, masomo, tiba ya majonzi na kazi za kuleta mapato. Tuangalie: majaji waliihesabu riziki kuwa sehemu ya haki.

Basi, nyumbani riziki hiyo yalindwaje?

Kwanza, tutenge mtaji. Tuseme mama amenunua samaki kwa faranga 40,000, akauza kwa 50,000. Zile 40,000 si za kula, ni mbegu. Mume azichukuaye kwa pombe, au hata kwa karo ya shule, aifunga njia ya chakula cha kesho. Zamani mke katika Kongo alihitaji ruhusa ya mumewe kufanya mapatano ya kisheria. Sheria ya mwaka 2016 iliondoa sharti hilo. Lakini sheria haiwezi kulinda fedha iliyofungwa katika upindo wa kitenge. Mume mwema aweza.

Pili, samaki wasiouzwa wakaushwe au watiwe chumvi mapema. Samaki mkavu hungoja barabara ifunguliwe, mbichi hangoji.

Tatu, likelemba ni chombo chema, mradi wanachama wajuane, na zamu ikifika fedha irudi kazini, isiishie katika sherehe.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Samaki huoza. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuhesabu faida, baba na mama wahesabu kwanza fedha ya kununulia samaki wa kesho, wakaiweke kando.