Kiongozi wa Maendeleo Hapikwi Seminani

Imani iliyoenea Arusha, mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kumbi nyingi za mikutano, ni kwamba kijana anayetaka kazi katika maendeleo ya kimataifa, yaani miradi inayofadhiliwa na nchi au mashirika ya nje ili kuinua maisha ya wananchi, hana budi kwanza kukusanya vyeti vya semina za uongozi, kunoa Kiingereza cha kuandikia maandiko ya miradi na kujuana na wakubwa. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake huwaangukia wanavijiji ambao hawajawahi kukanyaga kumbi hizo.

Nidhamu inayohitajika hupatikana kwingine: Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, kipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937. Mwanafunzi wa misitu hupima kipenyo cha mti kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na akikosea kimo hicho, hesabu zote za ujazo wa mti zinazofuata huharibika. Katika kazi hiyo inayoonekana ndogo mna nidhamu ambayo semina ya siku tatu haiwezi kuitoa, nayo ni kuandika kipimo kama kilivyo, hata pale mkubwa anapotamani kingine.

Utaalamu peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kupata msaada wa Norwei, mwanzoni ulitilia mkazo miche ya vitaluni; mafanikio makubwa yalikuja ulipogeukia ngitili, yaani sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua ili majani yake yaliwe kiangazi, na kuuacha uamuzi mikononi mwa kaya na vijiji. Miombo na migunga ilichipua tena kwa sababu maofisa walikubali kufundishwa na wenye ng'ombe, na huo ndio uongozi.

Itasemwa kwamba matangazo ya kazi yanadai vyeti. Ni kweli, na lawama hiyo ni ya waajiri. Mashirika yenye ofisi Arusha yaanze kumuuliza mwombaji, kabla ya kufungua bahasha ya vyeti, amefanya kazi kijiji gani, kwa muda gani, na wanakijiji walimwamini kwa lipi.