Mazoezi chini ya jua la Ghuba: kivuli ni cha nani?

Kwa miaka mingi hoteli kubwa za Ghuba zilishindana kwa marumaru, mabwawa ya kuogelea na wingi wa mikahawa. Siku hizi ushindani umetoka nje ya kuta. Mgeni anayefika Dubai, Doha au Muscat huonyeshwa pia uwanja wa wazi wa mazoezi, wenye vyuma vya kujivutia, njia ya kukimbilia na jukwaa la mbao linalotazama bahari. Janga la Covid-19, lililofunga kumbi za mazoezi katika nchi nyingi mwaka 2020, liliwazidishia watu hamu ya kujinyoosha penye hewa.

Kwa mtazamo wa haraka hilo ni jambo la starehe na biashara. Lakini namna viwanja hivyo vinavyosanifiwa inagusa afya ya umma, sheria za kazi na maisha ya maelfu ya Waafrika Mashariki walioajiriwa katika eneo hilo wakiwa walinzi, wahudumu wa hoteli, waokoaji kwenye mabwawa na wakufunzi wa mazoezi.

Serikali zaingia uwanjani

Serikali za Ghuba zina sababu ya kuhimiza mazoezi. Mwezi Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba kiasi cha asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa mwaka 2022. Kiwango hicho ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Nchi za Ghuba, ambako gari na kiyoyozi vimetawala maisha ya mijini, ni miongoni mwa zile zenye hali mbaya zaidi.

Qatar ilianzisha Siku ya Taifa ya Michezo mwaka 2012, nayo huadhimishwa Jumanne ya pili ya mwezi Februari. Dubai nayo ilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kuwataka wakazi wafanye mazoezi kwa dakika 30 kila siku kwa muda wa siku 30, na hufanyika majira joto yanapokuwa yamepungua, mwishoni mwa mwaka. Kalenda hizo zinasema jambo ambalo matangazo ya hoteli hayasemi: kwa miezi kadhaa ya mwaka, uwanja wa wazi katika Ghuba hauwezi kutumika mchana bila hatari.

Jasho lisilokauka

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Pwani ya Ghuba ina joto na unyevunyevu kwa pamoja. Hewa inapokuwa imejaa maji, jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Ndiyo maana saa mbili usiku ya mwezi Agosti, jua likiwa limezama zamani, huweza bado kuwa hatari kwa mtu anayekimbia.

Vifaa navyo vina tabia zao. Chuma kilichoachwa juani huunguza viganja. Sakafu ya mpira, inayowekwa ili kumpunguzia maumivu mtu akianguka, hunywa joto, hasa ikiwa ya rangi nyeusi, na nyasi bandia huweza kuwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake. Upepo wa bahari huleta chumvi inayokula chuma hata kile kinachouzwa kwa jina la kisichoshika kutu. Karibu na maji huhitajika aina iliyochanganywa na molibdeni, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Katika Ulaya kuna viwango rasmi, EN 16630 vya mwaka 2015, vinavyohusu vifaa vya mazoezi vilivyosimikwa nje kwa kudumu, vikikusudiwa watu wenye kimo kinachozidi mita 1.4. Viwango hivyo huangalia uimara wa kifaa na nafasi ya kuangukia. Lakini kifaa kinaweza kuwa imara kabisa na bado kisishikike saa saba mchana.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika usanifu linapaswa kuwa kivuli, kisha upepo, kisha maji ya kunywa. Vyuma vije mwisho. Mara nyingi mpangilio huo hugeuzwa, kwa sababu vyuma na mandhari ya bahari hupendeza katika picha, na mti huchukua miaka kukua. Qatar imefika mbali zaidi kwa kuweka njia za kutembelea zinazopozwa kwa viyoyozi katika baadhi ya bustani zake za umma. Hilo linawezekana kwa nchi yenye gesi nyingi. Kwa wengine ni dawa inayoongeza ugonjwa, maana umeme huo mara nyingi hutokana na nishati inayozidi kuipasha dunia joto.

Saa ya ukutani na kipimo cha joto

Mgeni akichoka huingia ndani. Mfanyakazi hana uamuzi huo. Yupo anayefuta vyuma, anayemwagilia nyasi, anayesimama langoni, na mkufunzi anayerudia zoezi lile lile kwa kundi la tatu la siku.

Sheria za eneo hilo zinatambua hatari hiyo. Umoja wa Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Oman huzuia kazi za nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Hata hivyo, sheria inayotazama saa peke yake ina pengo. Ratiba ya hoteli huanza alfajiri na huendelea hadi usiku, nje ya saa zilizokatazwa, ilhali unyevunyevu haufuati saa.

Qatar ilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2021. Mbali na kurefusha muda wa marufuku, iliagiza kazi isimame wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kinapopita nyuzi 32.1. Huo ni msingi bora zaidi, kwani unapima kile kinachouumiza mwili. Swali linalobaki ni nani anayeshika kipimo hicho katika uwanja wa hoteli, na kama mlinzi aliyeajiriwa kupitia wakala anaweza kusema kazi isimame bila kuhofia riziki yake.

Somo kwa mwambao wa Afrika Mashariki

Kuanzia Lamu hadi Kilwa, hoteli zinazotafuta watalii wale wale zinaweza kushawishika kuiga viwanja hivyo. Lakini kuiga kuna gharama. Taa kali zinazowezesha mazoezi ya usiku Dubai, zikiwekwa kwenye fukwe ambako kasa hutaga, huwapotosha vifaranga wanaoelekea baharini. Misingi ya zege mchangani inaweza kuharakisha mmomonyoko. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe ndani ya mita 60 kutoka baharini.

Lipo pia suala la haki. Vijana wanaokimbia alfajiri Coco Beach jijini Dar es Salaam, au wanaocheza mpira ufukweni Mombasa maji yakipwa, tayari wana uwanja wa mazoezi usio na kiingilio. Hoteli ikizungusha uzio ili wageni wake wajinyooshe kwa utulivu, haijaongeza uwanja. Imeuhamisha kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache.

Pwani hiyo haikosi mifano yake ya kuiga. Mafundi wa Mji Mkongwe na Lamu walijua kujenga vichochoro vyembamba vinavyotunza kivuli, na mabaraza ambapo mpita njia na mwenye nyumba hukaa pamoja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uwanja wa mazoezi utakuwa umesanifiwa vyema pale anayeufagia naye atakapopata kivuli, maji na muda wa kupumzika.