Si Jeuri, Anaumwa Moyoni
Korona ilifunga shule Machi 17, 2020. Juni 29 zikafunguliwa zote. Hapa Majengo tulishukuru tukidhani yamekwisha. Kumbe wapo watoto waliozika bibi au baba mwaka ule, wala hatukuwauliza neno. Sasa ni vijana. Wengine hawalali, ugali haupiti kooni, wanajifungia chumbani. Tukasema ni jeuri, au amerogwa. Hata sisi wauguzi!

Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mpeleke kituo cha afya, sonona hutibika. Akitaja kufa, usimkemee wala usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo. Vinginevyo, anza jioni hii mkichambua maharage: mwulize analowaza, kisha unyamaze aseme.