Nguzo za Kariakoo zibebe mkongo, si kelele

Hoja ya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme ina mvuto wake. Waya wa shirika la umeme, TANESCO, umeshafika dukani, stoo na ghorofani. Hakuna barabara ya kuchimbwa wala ukuta wa kutobolewa. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Justinian Anatory na Nerey Mvungi, waliifanyia kazi kwa makini, wakati intaneti yetu ikitegemea setilaiti kwa bei ya kuumiza. Enzi zile ilikuwa na uzito. Leo imepitwa na wakati, na waendeshaji wa redio za ridhaa wanaoipinga wanastahili kuungwa mkono.

Waya wa umeme ulikusudiwa kubeba mkondo wa hezi 50. Haukusokotwa kama waya wa simu, wala haukuvishwa wavu wa metali kama kebo ya televisheni. Ukisukumiwa data kwenye megahezi 2 hadi 30, unageuka antena. Pita Mtaa wa Kongo au Msimbazi, tazama juu: nyaya zinakatiza, zinaungwa, zinaingia fremu kwa fremu. Kila kiungo kingemwaga mawimbi. Megahezi hizo ndizo masafa mafupi, ambako waendeshaji wetu, wenye majina ya hewani yanayoanza na 5H, hunasa sauti ya Japani au Brazil ikiwa imebaki na nguvu ya sehemu chache tu za milioni ya volti. Kelele ndogo inatosha kuizima.

Wapo watakaouliza: watu wachache wenye redio wawazuie maelfu ya wafanyabiashara? Swali ni la haki, lakini hatulazimiki kuchagua hivyo. Kebo ya baharini ya SEACOM ilitua Dar es Salaam Julai 2009, na sehemu ya Mkongo wa Taifa inapita kwenye njia kuu za umeme zilezile, data ikisafiri kama mwanga ndani ya kioo bila kumsumbua msikilizaji yeyote. Tena masafa mafupi hayana mwenyewe mmoja. Ndege zinayatumia juu ya bahari, na meli pia. Jiji hili liliyatumia kurusha Radio Freedom ya wapigania uhuru wa ANC hadi Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima. Redio ya masafa mafupi haihitaji kebo hata moja.

Marekani walishaupita mjadala huu. Mwaka 2004 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliruhusu intaneti kwenye nyaya za umeme. Chama cha redio za ridhaa, ARRL, kikaenda mahakamani. Aprili 2008 Mahakama ya Rufaa ya Washington ilibaini kuwa tume ilificha sehemu za tafiti ilizozitegemea. Kwangu hapo ndipo kiini cha shauri lote: vipimo vya hewa ya umma ni mali ya umma. Mji wa Manassas, Virginia, uliokuwa mfano wa kujivunia, uliifunga huduma yake mwaka 2010. Kilichoiua ni uchache wa wateja, si redio.

Ulaya imefika mbali zaidi. Kiwango cha EN 50561-1 cha mwaka 2013 kinavitaka vifaa vya intaneti vya kuchomeka kwenye soketi vikwepe masafa ya redio za ridhaa na ya ndege. Hapa kwetu TCRA, msimamizi wa mawasiliano, ina mamlaka ya kuidhinisha vifaa vya mawasiliano chini ya sheria ya 2010, na inaweza kudai hivyohivyo. Chaja na taa za LED za bei poa nazo huchafua masafa hayo, ila kwa kuwa si vifaa vya mawasiliano, hapo TBS, shirika la viwango, nalo lazima lihusike.

Atakayetaka kuileta teknolojia hii Kariakoo apime kelele mitaani kabla na baada ya kuwasha, atangaze matokeo, na leseni imwajibishe kuzima mtambo malalamiko yakithibitika. Gharama ya kupima iwe yake, isiwe ya mlalamikaji.