Barua ya Pwani: Mashua Ngeni Katika Mlango wa Lamu

Msomaji mmoja wa bara ameniuliza kwa nini barua hii haijapata hata mara moja kunena habari za mashindano ya motokaa, hali watu wa kwao huyafuata kwa shauku tangu ile safari ya kwanza ya mwaka 1953, iliyofanywa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ndugu yangu, njia za mji wa Lamu ni nyembamba sana, hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kumngoja mwenziwe. Mashindano yetu sisi ni ya mashua. Lakini mgeni aendeshaye motokaa katika njia asiyoijua na mgeni aendeshaye mashua katika mlango asioujua ni ndugu, ila njia ya huyu wa pili hubadilika kila saa.

Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka 2023 palikuwa na mashindano madogo hapa, ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Hayakuwa ya sikukuu wala ya wageni wa mahoteli. Walioshindana walikuwa wavuvi na wachukuzi wa mchanga na mawe, kila mtu na chombo kile kile kimpacho chakula chake. Miongoni mwao ilikuwamo mashua moja kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Watu wake watano walikuwa wameileta kijijini Matondoni, kwa mafundi wa vyombo, ikabadilishwa mbao kadha wa kadha na kukalafatiwa upya. Kazi ilikuwa imekwisha lakini malipo hayajakwisha, na kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu, kwa hiyo kurudi kusini kulikuwa taabu. Nahodha, kijana wa miaka kama 30, aliposikia kwamba mshindi wa siku ya pili atapewa fedha, alipiga hesabu akaona zatosha kumaliza deni la fundi. Akajiandikisha.

Walitaka mtu mmoja zaidi wa kuongeza uzito na kufua maji. Mimi ni mtu wa kalamu, lakini uzito ninao, nikaingia.

Yafaa nieleze mambo yalivyo kwa wasomaji wasioijua pwani. Mlango wa Lamu ni maji yaliyo kati ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Kutoka mjini hata Shela, karibu na bahari kuu, ni kadiri ya kilomita tatu. Wakati wa kusi, mtu aendaye Shela huelekea upepo, wala chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kikiuelekea. Hubisha, yaani huenda upande wa Manda kwa mshazari, kisha hugeuka kwenda upande wa Lamu, kisha tena Manda. Kila kigeukapo, tanga na foromali yake hupelekwa upande wa pili wa mlingoti, na ubao mrefu wanaoukalia mabaharia nje ya chombo, upande wa joshi, huhamishwa nao. Kazi hiyo ni ya haraka na ya hatari, na wakati huo mwendo hufa. Basi ageukaye mara chache ndiye afikaye mbele. Lakini ili ugeuke mara chache huna budi kukaribia sana ufuko kabla ya kugeuka, na ufukoni ndiko kwenye mafungu ya mchanga.

Jumamosi tulianza saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa karibu saa moja na nusu, sasa yakijaa, na mkondo ulikuwa ukitusukuma nyuma pamoja na upepo. Nahodha wetu aliogopa mafungu. Kila tulipofika mahali alipoona rangi ya maji imegeuka kuwa ya majani mabichi, alipaza sauti, nasi tukageuka. Wenyeji walitupita wakicheka. Waliendelea mbele mpaka nikadhani watapanda mikokoni, ndipo wakageuka. Tena huko kando mkondo ni dhaifu, nasi tulikuwa tukipigana nao katikati. Tulifika wa mwisho ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekatikiwa na kamba.

Jioni nahodha hakulala. Alikuwa amehesabu mageuzo ya mashua iliyoshinda, na alikuwa ameshika kwa macho mahali ilipogeukia upande wa Manda: mikoko mitatu mirefu, na mbele yake kijiti kimesimama. "Kesho," akatuambia, "nitakwenda mpaka kwenye kijiti kile." Akaamuru pia tutoe mifuko minne ya farumi ili chombo kiwe chepesi. Mzee mmoja wa Shela aliyekuwa ameketi karibu nasi alimwuliza, "Mwanangu, kesho mwaanza saa ngapi?" Nahodha akajibu, "Saa nne, Mzee, kama leo." Mzee akasema, "Saa ni kama leo. Na maji je?" Nahodha akacheka kwa adabu, akidhani mzee anafanya mzaha. Nami, niliyezaliwa hapa, nilinyamaza, sikuwa nimefikiri.

Bahari haifuati saa ya ukutani, hufuata mwezi. Kila siku kujaa na kupwa huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Basi Jumapili, saa ile ile ya nne, maji yalikuwa hayajapata muda wa kupanda kama jana yake. Zaidi ya hayo, mwezi ulikuwa umebakisha siku mbili tatu tu kuwa mpevu, bamvua lilikuwa likikaribia, na kila siku maji yalikuwa yakikupwa chini zaidi. Wenyeji hawakuandika hesabu hiyo popote, lakini siku ya pili waligeuka mbali na kijiti, nasi tukaona kwamba wameingiwa na hofu.

Tulikwenda vizuri mno. Kwa mara ya kwanza tulikuwa wa pili, na nahodha alikuwa akiimba. Kijiti kilikuwa mbele yetu kama hatua 40 ndipo nikasikia mchanga ukikwaruza chini ya miguu yangu. Chombo kilisimama ghafula, watu wawili waliokuwa ubaoni wakaanguka majini, na maji yale yaliwafika magotini. Tanga likateremshwa kwa pupa ili mlingoti usivunjike. Nahodha hakuimba tena. Aliruka nje, akapapasa ubavu wa chombo kwa mikono yote miwili, mahali palipokalafatiwa, akitafuta kama pamba imetoka. Haikuwa imetoka. Lakini nilimwona uso wake, na sipendi kuuona tena uso wa namna ile kwa mtu yeyote.

Kwa bahati maji yalikuwa yakijaa. Tulingoja kadiri ya nusu saa, chombo kikaelea chenyewe, tukarudi mjini pasipo kufika Shela.

Jioni yule mzee alikuja kutupa pole, wala hakutusimanga. Alitusimulia habari ambayo kila mtoto wa Lamu huisikia: kwamba yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela kuipiga Lamu, yakashindwa, yakakimbilia vyombo vyao, na kumbe maji yamekupwa na vyombo vimelala juu ya mchanga. Wengi waliuawa pale pale ufukoni. "Ninyi mmekosa fedha tu," akasema.

Deni la fundi wamekubaliana kulilipa kwa samaki, kidogo kidogo, baada ya kusi kupungua. Jumatatu asubuhi, maji yalipokuwa yamekupwa kabisa, nilivuka kwenda Manda kwa shughuli yangu, nikamwona nahodha na yule mzee wakitembea kwa miguu juu ya fungu, suruali zimekunjwa. Mzee alikuwa na fimbo, na kila baada ya hatua chache aliichomeka mchangani na kuonyesha ng'ambo, na kijana alikuwa akigeuka kutazama mahali anapoonyeshwa.